Shati Lenye Mtu

Kila Jumatatu gari la jeshi lilimshushia Mama Fundi gunia la sare zilizofuliwa, zenye matundu. Alizishona kwa mishono midogo hivi kwamba tundu la kifuani ulitafute usilione. Alhamisi askari wa akiba walizivaa wakapanda treni.

Matundu yale yalikuwa yanaongea. Mengi yaliomba maji. Akishapiga fundo la mwisho yananyamaza, naye anachukua shati lingine.

Safari hii aliitwa jeshini mwanawe, mwokaji mikate, mtu mzima na kitambi chake. Stesheni, akimfunga vifungo, mama akaona mshono wake mwenyewe.

"Shati hili lina mtu," akasema. "Yule fundi baiskeli, mtoto wa jirani. Nilimziba mimi."

"Mama, saizi yangu imebaki hii. Unataka niende kifua wazi?"

"Shikamoo, mama," likasema shati, ingawa tundu lake lilikuwa limezibwa.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mwambie mwenzangu avute tumbo ndani, ananibana."

"Mgeni na masharti!" mwokaji akacheka.

"Ulinishona vizuri mno, mama," shati likasema tena, taratibu.

Mama akalielewa. Amri ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa stesheni: mwenye sare iliyochanika hapandi. Akatoa mkasi mfukoni, akakata uzi. Tundu likafumbuka kama jicho.

Sajini alipofika akatia kidole kwenye tundu hilo. "Wewe hupandi," akamwambia mwokaji. Kisha akageukia umati. "Hakuna fundi hapa?"

"Yupo!" watu wakaitikia kwa furaha, wakimsukuma mama mbele. "Huyu hapa, hana mpinzani!"

Akapewa sindano. Alijitahidi kushona ovyo, lakini vidole vyake havikuwahi kujifunza kuharibu. Treni ikasubiri dakika nane. Alipopiga fundo, sajini akapitisha kidole juu ya kitambaa, asihisi kitu.

"Mikono ya dhahabu hii, mama."

Mwokaji akapanda. Dirishani akapaza sauti: "Usisahau kuzima tanuri!"

Jumatatu ya tatu gunia likaja. Shati lilikuwa juu kabisa, limefuliwa, limepigwa pasi, lina matundu mawili.

"Shikamoo, mama," zikasema sauti mbili kwa pamoja, moja ikiwa na harufu ya mkate.

"Marahaba, wanangu."

"Mama, tanuri ulizima?"

"Nilizima."

Dereva wa gari akagonga mlango, akauliza kama zitakuwa tayari kufikia Alhamisi. Mama akasema zitakuwa tayari. Akasogeza kiti dirishani, akatunga uzi.