Kidole Kwenye Kioo

Mdogo wangu anachora nembo za biashara, na miaka yote hii nilidhani kazi yake ni kuikodolea macho kompyuta. Juzijuzi mteja mmoja alimwomba sampuli ya bure, akaichukua, akaingia mitini. Baadaye tukaiona imebandikwa kwenye magari yake. Mdogo wangu alilia mpaka nikaogopa. Akaapa kwamba akitapeliwa tena anaacha kuchora, anakwenda kuwa karani pale nilipomwombea nafasi. Ndiyo maana alipoitwa na mwenye duka la dobi aliyetaka nembo nilimsindikiza. Mimi sina dogo, nilikuwa tayari kwa lolote.

Mwenye dobi alitupokea palepale kwenye chumba cha kupigia pasi, mvuke umejaa mpaka kioo cha dirisha kimekuwa cheupe.

"Nichoree kwanza, uniachie nikae nayo," alisema. "Nikiipenda tutaongea. Wenzako wawili wameshaniletea zao."

Nilifungua mdomo. Mdogo wangu akanifinya paja.

"Mzee, wateja wakija kuchukua nguo, huwa wanafanya nini kwanza?"

Mzee alifikiri. "Wananusa," alisema, kama mtu aliyejishangaa mwenyewe. "Karibu wote. Wanaipeleka puani."

Basi mdogo wangu akainuka, akaenda dirishani, akaweka kidole kwenye ule ukungu. Hakukiinua mpaka mwisho. Mstari ulishuka ukawa paji la uso, ukazunguka ukawa bega, ukarudi ukawa mikono miwili iliyokumbatia shati, na uso wote umezama humo ndani. Niliisikia harufu ya nguo safi, ile ya nyumbani kwetu, mama anapoanua kabla mvua haijanyesha. Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu alikuwa amefanya kitu hicho kwa kidole kitupu, nami ndiye niliyekuwa namhangaikia ukarani.

Wapiga pasi waliweka pasi zao pembeni.

"Sampuli yako hiyo, mzee," mdogo wangu alisema.

Mzee akapapasa mifuko akitafuta simu apige picha. Alipoikuta chini ya rundo la mashuka, matone yalikuwa yameshaanza kuteremka, paji la uso limeingia begani na mikono imepotea. Akaenda mwenyewe dirishani, akajaribu kuurudia mstari kwa kidole chake kinene. Likatoka boga lenye masikio. Mpiga pasi mmoja aliangua kicheko, na mzee naye akashindwa kujizuia.

Alilifuta boga lake kwa kiganja, akakaa. "Haya binti, nimekubali. Tuandikiane vipi?"

Mdogo wangu alimtajia masharti yake, kwanza malipo ya kuanzia, wala sauti haikutetemeka. Mzee akayaandika yote. Tulipotoka alitangulia, na tulishafika mbali ndipo nilipogundua kwamba mkoba wake nimeubeba mimi, dada mtu, na natembea nyuma yake.