Jeneza Lililobeba Mzima

Nguruwe alimpasua Dionis paja asubuhi, kwenye shamba lake la mtama. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye damu yake, anamtukana nguruwe kwa majina ya wajomba zangu. Mama yake ni shangazi yangu, aliolewa kwa Wakatoliki, kwa hiyo sisi ni mabinamu, watani, na kunitukania wajomba ni haki yake.

Nikakunja kitambaa, nikakisukuma ndani ya jeraha, nikabonyeza. Ndivyo alivyotufundisha Sipriani. Huyo alibeba majeruhi vitani Bama, kwenye vita vya Wajapani, akarudi Mitole na mkoba mtupu wa bendeji na ukali wa kisajini, akatukusanya vijana tusiolipwa hata ahsante. Mtu akiumwa na nyoka, akianguka mtini, tunaitwa sisi.

Sipriani akaja na baiskeli yake, akatazama, hakushuka.

"Natangulia Kivinje nikamweke daktari tayari. Wewe Tawakali, mkono huo usiutoe. Ukiutoa, Brigita mjane."

Brigita, mkewe Dionis, alikuwa Mitwero kwa mama yake. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume na baba yake alikuwa bado hajamwona.

Wenzetu wengine walikwenda Songo Songo harusini. Nilibaki na Lukas, mfupi kama mchi. Machila yetu ilikuwapo, gunia na mwanzi, lakini njia ya Kivinje si ya kubeba mtu bila wa kupokezana naye, na machila haipati wapokezi. Tangu zamani waliobebwa humo ni wakubwa wa serikali, na aliyekamatwa kuibeba hakujua atarudi lini kwake. Ikionekana tu, watu wanaingia vichakani. Jeneza ni jambo jingine. Likipita, mtu anaacha jembe anakuja kutia bega apate thawabu, hata kama marehemu hamjui.

"Lukas, kimbia kwa Mzee Kibwana wa msikitini. Tunaazima jeneza."

"Nimwambie kafa nani?"

"Hajafa mtu."

"Nawasikia, jamani," alisema Dionis. "Mimi Mkristo. Padri akisikia nimetiwa humo atasema nini?"

"Ukifika hai atakucheka. Ukifika mfu utakuwa umempatia kazi."

Mzee Kibwana akaja na jeneza, kalishika na Lukas na wanawe wawili.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Maiti yuko wapi?"

Dionis akainua mkono. "Mimi hapa, babu. Shikamoo."

"Marahaba," mzee aliitikia kwa mazoea, kisha akanigeukia. "Tawakali, huu ni utani?"

Nikamweleza. Alitazama damu, akatazama kitambaa, akanitazama mimi.

"Chukueni. Lakini jeneza la msikiti halitembei na uongo. Mtu akikuuliza, umwambie kweli."

"Nikiulizwa, mzee."

Jua lilikuwa kali, tukamfunika Dionis shuka mpaka kichwani. Wanne wakaliinua begani. Mimi nikatembea ubavuni, mkono juu, umepita chini ya shuka, nabonyeza. Lukas alijaribu kunipokea, vidole vyake vikaishia kwenye mbao.

"Kaa kimya," nikamwambia Dionis. "Tangu uzaliwe hujaweza. Leo jaribu."

Hatukufika mbali wakatoka watu wawili kwenye pamba, halafu watatu, halafu sikuhesabu tena. Hakuna aliyeuliza. Bega likatoka, bega likaingia, na mwendo ukawa wa haraka, maana maiti hacheleweshwi. Nyuma yangu mtu mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Yule mrefu ni nduguye. Hataki kumwachia hata njiani, maskini."

Chini ya shuka nilihisi paja likitikisika. Dionis alikuwa anacheka. Nikambana zaidi, akaacha.

Ila mkono ukiwa juu muda mrefu unakufa. Kwanza vidole, kisha kiwiko, kisha sikujua kama nabonyeza au nimeegemea tu. Tulipoanza kuteremka, kitu cha moto kikanitiririkia hadi kwapani. Haikuwa jasho.

Waliobeba wote ningeweza kuwaona utosi, isipokuwa mmoja, jitu la mbele kulia, ambalo wenzake walikuwa wanalilalamikia kwamba linawainamishia jeneza. Nikasogea.

"Ndugu yangu, jina lako?"

"Abdulatifu. Poleni sana na msiba."

"Ahsante. Abdulatifu, nataka mkono wako. Mtu mwingine akutolee bega, wewe ushike hapa ninaposhika mimi."

"Nimshike maiti?"

Hapo nikawa nimeulizwa.

"Si maiti. Kachanwa na nguruwe, na mimi mkono umekwisha."

Jeneza likayumba. Wa mbele kushoto akaliachia akaruka pembeni, na lingekwenda chini kama Abdulatifu asingeliinua kona mbili peke yake. Dionis akapiga yowe, na yowe hilo likawakimbiza watu mpaka kwenye pamba.

"Mmetudanganya!" alisema yule aliyeruka. "Nimemsomea mzima dua za maiti!"

"Kwani zimemdhuru?" Mzee Kibwana aliuliza, akipenya kushika kona iliyoachwa.

"Angekuja kwenye machila tungejua!"

"Angekuja kwenye machila," nikasema, "wewe sasa hivi ungekuwa wapi?"

Watu waliokuwa kwenye pamba wakaanza kucheka, kwa sababu hapo walipokuwa ndipo wangekuwa.

Mtu akatia bega chini ya kona ya Abdulatifu. Yeye akasema bismillahi, akaingiza mkono chini ya shuka.

"Bonyeza," nikamwambia. "Usichungulie."

"Ana mkono wa barafu huyu," Dionis alisema, sauti imeshuka sana.

"Nyamaza wewe, marehemu," Abdulatifu alimjibu, na damu ikasimama. "Jamani, tulikimbia kwa mfu, tutatembea kwa mzima?"

Wakakimbia. Hata yule aliyeruka.

Sipriani alikuwa anatungoja nje ya hospitali. Alipoliona jeneza na ule msururu, alivua kofia polepole, akaishika kifuani.

"Vaa kofia, sajini," ikatoka sauti chini ya shuka. "Jua kali."

Dionis anachechemea mpaka leo. Alipotoka hospitali ndipo alipomwona mtoto wake, akamwita Abdulatifu, na Padri akambatiza Kristofa kwa sababu hilo la kwanza lilimshinda. Jeneza Mzee Kibwana alilisugua kwa majivu, doa likakataa kutoka. Na kwenye njia ile, likipita sasa, watu hawanyamazi tena. Wanapiga kelele kutoka mashambani: "Mfu au mzima?" Ukijibu mfu, wanakuja. Ukijibu mzima, wanakuja mbio.