Yaliyoachwa Kwenye Mengineyo

Hospitalini walimwita Mama Viraka, na jina lenyewe lilianza kama dhihaka. Programu iliyotunza kumbukumbu za wagonjwa ilikuwa kuukuu, imeandikwa na watu waliokwisha kustaafu, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kuishona kila ilipochanika. Utaratibu wa bima ukibadilika, anashona. Wodi mpya ikifunguliwa, anashona. Kila mwaka aliomba wasaidizi na muda wa kuijenga upya sehemu kwa sehemu huku hospitali ikiendelea na shughuli zake, na kila mwaka aliulizwa swali lilelile: kwani imegoma? Haikuwa imegoma kwa sababu yeye hakuiacha igome. Hilo hakuna aliyelihesabu kuwa kazi.

Kisha akaja mkurugenzi mpya, mtu wa suti zilizomkaa vizuri na maneno yaliyomkaa vizuri zaidi. Akatangaza kwamba mfumo wa zamani utazimwa wote kwa mpigo siku ya kufungua jengo jipya, maana mgeni rasmi alishaalikwa. Kampuni ikaletwa, ikaja na skrini za buluu zenye herufi kubwa na vipicha vya kubonyeza. Mama Viraka hakuzichukia. Zilikuwa nzuri kweli. Kilichomkosesha raha ni yale ambayo watu wa kampuni hawakuyauliza.

Katika programu ya zamani hapakuwa na mahali pa kuandika mzio, yaani dawa ambazo mwili wa mgonjwa huzikataa. Walioitengeneza hawakuliwaza hilo. Basi madaktari wakazoea kuuandika kwenye nafasi ya mwisho kabisa ya ukurasa, iliyoitwa Mengineyo. Humo mlikuwa na kila kitu: simu za ndugu, malalamiko ya shuka, mgonjwa asiyetaka kulala karibu na dirisha, na katikati ya vurugu hiyo, maneno ya kuokoa roho ya mtu. Mama Viraka alikuwa ameshona kiraka cha kuyasaka maneno hayo na kuyaleta juu kwa rangi nyekundu. Mfumo mpya ulikuwa na nafasi yake safi ya mzio, lakini tupu. Kampuni ilihamisha majina, tarehe na malipo. Mengineyo iliachwa.

Alilisema kikaoni. Mkurugenzi alimsikiliza huku akipekua simu, kisha akasema huwezi kuhamia nyumba mpya na takataka za nyumba ya zamani. Watu wakacheka. Mama Viraka akaomba mifumo yote miwili iendeshwe pamoja kwa muda, akaambiwa kuwa anaogopa kukosa kazi. Akaandika tena, hakujibiwa. Siku ya ufunguzi utepe ukakatwa, makofi yakapigwa, na seva ya zamani, mashine iliyobeba kumbukumbu zote, ikabebwa hadi stoo na kuwekwa nyuma ya magodoro yaliyochakaa.

Aliyepatwa na balaa alikuwa mama mkwe wake. Bibi huyo alijikata mguu bustanini, kidonda kikavimba, akaenda hospitali peke yake kwa sababu hakupenda kusumbua watu. Muuguzi wa zamu alifungua skrini, akaisoma, akakuta hakuna mzio wowote. Akamchoma sindano aliyoandikiwa na daktari. Haikupita muda, midomo ikamvimba na koo likaanza kuziba. Muuguzi akapiga kelele ya kuita daktari huku mwenyewe ameshamwinua bibi na kumwekea hewa. Wakamwahi.

Mama Viraka alipofika wodini alimkuta mumewe amesimama kando ya kitanda, amekunja ngumi na hana wa kumpiga. Bibi alikuwa macho, uso umemvimba hadi hatambuliki.

"Mama, kwa nini hukuwaambia?" mume aliuliza kwa upole.

"Nilidhani wanajua," bibi alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Miaka yote nikija wananiambia, bibi, ile sindano kwako marufuku, tunaona hapa. Leo ningewaambia nini wasichokijua?"

Mama Viraka alitoka nje, akasimama kwenye korido. Hakulia. Kilichomjaa hakikuwa huzuni. Ni hasira, na ilikuwa na haki yake.

Kesho yake mkurugenzi akamwita. Alikuwa ameshamsimamisha kazi muuguzi. Alimpa pole za mama mkwe, akampa na kiti, kisha akaeleza kwamba bodi inataka ripoti ya mtaalamu, na mtaalamu ni yeye. Aandike tu kwamba mfumo ulifanya kazi kama ulivyotengenezwa, na kwamba muuguzi alipaswa kumuuliza mgonjwa kwa mdomo.

"Alipaswa kuuliza, kweli," Mama Viraka alisema. "Lakini skrini ilimwambia hakuna mzio, na skrini hiyo ni yetu. Mfumo ungesema haujui, angeuliza. Ulimwambia unajua."

Mkurugenzi akamkumbusha kwamba ana watoto wanaosoma.

"Ninao," akajibu. "Na nyanya yao yuko wodini. Siandiki uongo huo."

Hakurudi ofisini kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa daktari mkuu, mama mmoja asiyependa mizunguko, akamweleza yote akiwa amesimama. Daktari mkuu aliuliza swali moja tu: ni wagonjwa wangapi wengine wako hivyo? Mama Viraka akamwambia ni wengi, na hakuna ajuaye hasa, maana majibu yako stoo nyuma ya magodoro. Daktari mkuu akanyanyuka, wakaenda wote wawili, wakasukuma magodoro, wakaitoa seva na vumbi lake.

Siku hiyo wodi zote zikapewa amri: nafasi ya mzio isiaminiwe, kila mgonjwa aulizwe. Mama Viraka akaiwasha mashine ya zamani, akaanza kuyachambua Mengineyo, na madaktari wakawa wanapokezana kukaa naye kuhakiki neno kwa neno. Walikuta watoto, wazee, wajawazito. Daktari mmoja alilikuta jina la mwalimu wake wa zamani aliyepangiwa upasuaji wiki hiyohiyo. Akainuka, akaenda kuzungumza na watu wa upasuaji, akarudi na kuendelea na jina lililofuata.

Mkurugenzi naye alikwenda kumwona bibi, na kapu la matunda mkononi. Akamweleza kwamba ilikuwa bahati mbaya na kwamba mhusika ameshachukuliwa hatua.

"Yule binti?" bibi aliuliza. "Yule ndiye aliyenishika nilipokuwa nakufa, sikumwona mwingine. Mrudishe kazini, baba, na matunda yako ondoka nayo."

Bodi ilikaa na daktari mkuu akazungumza, akifuatiwa na Mama Viraka. Muuguzi akarudishwa. Ikakubaliwa kwamba mfumo wa zamani uendelee kuwaka kando ya ule mpya, na hakuna sehemu itakayozimwa mpaka wanaoitumia waseme imehamia salama. Mama Viraka akapewa wasaidizi wawili. Hakuna aliyesema kwamba yale yote aliyaomba kabla, na muuguzi hakuombwa radhi na mtu yeyote.

Mkurugenzi hakupatwa na lolote. Alihamishiwa hospitali kubwa zaidi, kwa kuwa huko nako walikuwa na mfumo wa zamani wa kuondoa. Akafanyiwa hafla ya kumuaga, na mshereheshaji akamtaja kama mtu aliyeitoa hospitali gizani. Mama Viraka alikuwa ameombwa aseme maneno machache kwa niaba ya kitengo chake. Alikataa bila kutoa sababu, akachukua kompyuta yake ya mkononi, akapanda wodini.

Muuguzi alikuwa kwenye zamu. Makofi yalisikika kutoka ukumbini chini.

"Huendi kula keki, dada?" muuguzi aliuliza.

"Ingenikwama."

Muuguzi akavuta kiti cha pili. Wakafungua sehemu mpya ya mzio, ile ambayo sasa haikuruhusu kuachwa tupu, wakaanza kuijaribu kwa mgonjwa mmoja mmoja. Kwenye jina la nne muuguzi akasema hapa maandishi ni madogo mno kwa mtu aliyechoka. Mama Viraka akayakuza, akamuuliza kama sasa yanasomeka.

"Bado kidogo," alisema muuguzi.