Mkono Ulioshika Boliti

Siku ya mwisho ya mfungo, baada ya sala ya adhuhuri, Pak Tarmuji, fundi wa pikipiki, alikuwa amelala chali kando ya barabara ya Cikarang, mji wa viwanda, kichwa chini ya pikipiki ya Mbak Wartini, akiikodolea macho boliti ya kumwagia oili. Pembe zote za kichwa cha boliti zilikuwa zimelika. Spana ilizunguka juu yake bure.

"Nani aliikaza hii?" aliuliza.

"Marehemu," alisema Wartini. "Alitumia bomba."

Pak Tarmuji hakuhitaji maelezo zaidi. Kila Idi inapokaribia, watu wa viwandani hufunga mizigo kwenye pikipiki kurudi makwao, na kila mmoja, kabla ya kuondoka, huchomeka bomba kwenye mpini wa spana na kuongeza mzunguko mmoja, eti kitu kisije kikalegea njiani. Wanafanya hivyo kila mwaka, kwa mapenzi kabisa, na wanaoumia ni mafundi.

Wartini alikuwa ameketi kwenye benchi na sare yake ya kiwanda cha viatu, macho mekundu. Alikuwa ameshona usiku kucha na asubuhi yote, kwa sababu kulikuwa na shehena ambayo bosi alisema haiwezi kungoja Idi ipite. Begi lake lilikuwa tayari. Huko Temanggung mama mkwe wake alikuwa anamngoja ili baada ya sala ya Idi waende pamoja kunyunyiza maua kwenye kaburi la Ngadiman, mume wake. Ilikuwa Idi ya kwanza tangu azikwe. Akiondoka sasa, angefika kabla ya alfajiri.

Ngadiman naye alikuwa na hesabu kama hiyo mwaka uliopita. Alitoka kiwandani magharibi akiwa amepiga zamu mbili mfululizo, akapanda pikipiki hii hii, na kwenye mteremko wa Alas Roban akasinzia. Lori lilikuwa limeegeshwa bila taa. Pikipiki ilitengenezwa, ikafunikwa turubai kwenye ujia wa nyumba ya kupanga, na Wartini akawa anakwenda kazini kwa miguu.

Pak Tarmuji aliibana boliti kwa koleo. Ikasogea kidogo, kisha ikarudi. Akaiwekea tindo, akagonga kwa nyundo. Ikasogea, ikarudi. Boliti iliyolika ama haisogei kabisa, ama ikisogea inabaki iliposogea. Hii ilikuwa imeshikwa kwa ndani.

"Kuna mtu huku," alisema, kwa sauti ile ile ambayo angemwambia kwamba breki zimekwisha.

"Ni yeye?"

"Sijamuuliza."

Akavuta mashine ya kuchomelea, apachike nati juu ya boliti apate pa kushika.

"Usichome, Pak," sauti ikasema kutoka kwenye injini, nzito kwa oili. "Huku joto linatosha."

Wartini alitoka kwenye benchi, akachuchumaa kando ya pikipiki.

"Mas, achia," alimwambia mumewe.

"Umelala?"

"Nitalala nikifika."

"Hata mimi nilisema hivyo hivyo."

"Mama ananingoja. Nisipofika, ataenda kaburini na nani?"

"Kaburi ni langu, Tini, nami nasema litangoja."

Hapo Wartini akapandwa na hasira, hasira ya mwaka mzima. "Maneno mazuri hayo! Mwaka jana hukujiambia mwenyewe? Kwa nini hukulala, Mas? Eh? Kwa nini?"

Tone moja la oili likajikusanya kwenye ukingo wa boliti.

"Ningelala saa ngapi? Walituachia magharibi. Idi ilikuwa asubuhi."

Wartini na fundi waliutazama ukuta wa kiwanda cha viatu ng'ambo ya barabara, ukuta mrefu wa kijivu uliopakwa rangi upya kwa ajili ya sikukuu.

"Wamekupa siku ngapi?" sauti ikauliza.

"Nne."

"Si waliahidi wiki?"

"Na mwaka huu waliahidi."

"Haya, lala. Nikikusikia unakoroma nitaachia."

"Mimi sikoromi."

"Unakoroma, Tini. Mtaa mzima unajua."

Pak Tarmuji aligeukia upande wa pili, akajifanya anatafuta tindo ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Wartini alimpigia simu mama mkwe wake akamwambia kwamba atachelewa, pikipiki ina hitilafu. Kisha akajilaza kwenye benchi, kofia ya pikipiki chini ya kichwa. Alilia kidogo, kwa sababu alikuwa amemkumbuka sana mumewe na hata ubishi wake alikuwa ameukumbuka. Halafu usingizi ukamchukua.

Alipoanza kukoroma, Pak Tarmuji aliigusa boliti kwa vidole viwili. Ikafunguka. Ilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka kwenye ngumi ya mtu. Oili nyeusi ya mwaka mzima ikamwagika kwenye karai.

Adhana ya magharibi ndiyo iliyomwamsha. Fundi alimpa chai na vipande vya tempe ya soya iliyokaangwa.

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu. Ameachia tu."

Wartini alitazama ndani ya karai kwa muda mrefu. Kisha akaomba ile boliti mbovu, akaifunga kwenye pembe ya mtandio wake.

Fundi alipoleta boliti mpya, Wartini alinyoosha mkono apewe spana. "Nitaikaza mwenyewe."

"Ukiikaza wewe, Mbak, siku ukifa wewe ndiye utakayeishika. Unajua hilo?"

"Najua. Nitamshikia nani sasa? Mama mkwe hata baiskeli hajui kuendesha."

Aliikaza mpaka spana ikagoma. Mkono wake ukaenda wenyewe kutafuta bomba, lakini Pak Tarmuji alikuwa amelikanyaga.

"Basi, Mbak. Inatosha."

"Itashika?"

"Boliti itashika."

Aliwasha pikipiki akaondoka polepole. Sala ya Idi asingeiwahi.

Ng'ambo ya barabara king'ora kikalia. Ilikuwa saa ile ile ya mwaka jana, na kiwanda kilikuwa kinawaachia waliobaki. Geti likafunguka, watu wakaanza kuvuka barabara wakisukuma pikipiki zao, mizigo imefungwa nyuma, wengine wakipiga miayo njia nzima. Pak Tarmuji alilala chali chini ya pikipiki ya kwanza, akaweka spana. Boliti ikasogea kidogo, kisha ikarudi.

"Nani huko?" aliuliza.

Sauti ya mwanamke ikajitaja jina kutoka ndani ya injini, ikauliza kama mdogo wake, mwenye pikipiki, amelala.

Pak Tarmuji aliinuka, akaingia ndani, akatoa mikeka yote aliyokuwa nayo pamoja na mswala wake, awatandikie walale. Haikutosha.