Kuku Asiyechinjwa na Mzee Nasiri

Alhamisi, 18 Julai 1991. Makambako iliamka ndani ya ukungu mzito, na upepo wa baridi ulivuma kutoka upande wa reli hata moshi wa jiko langu ukawa unarudi ndani.

Niliomba kama kawaida kabla ya kuwasha moto. Kisha nikachukua chaki. Kwa mara ya kwanza niliandika ubao wa hoteli yangu mwenyewe, bila kumngoja mwanangu Elius: LEO UGALI KWA KUKU WA KIENYEJI. Mimi ni mwanafunzi wa jioni, darasa la watu wazima kanisani kwetu. Nilianza kuunganisha herufi nikiwa nimeshamaliza kuzaa. Nilirudi nyuma hadi ukingoni mwa barabara, nikausoma ubao wangu, nikajiona mtu.

Kuku wangu huchinjwa na Mzee Nasiri, jirani yangu muuza nyama. Ndivyo tunavyoishi hapa. Sisi wapishi wengi ni Walutheri wa Njombe na Kidugala, walaji wengi ni madereva na wafanyabiashara Waislamu, basi kisu anashika Mwislamu ili tule wote. Asubuhi hiyo Mzee hakuja. Teodora, ninayepika naye, alimfuata nyumbani akarudi peke yake.

"Ameondoka alfajiri, ana msiba Mafinga," alisema. "Dada, futa ubao. Maharage yako tayari."

"Nifute?"

"Si chaki tu?"

Sikufuta. Kuna dereva alikuwa ameshausoma na kusema atarudi mchana. Nilikwenda nyuma ya jiko na kisu. Niliomba kabla ya kukata. Nilitaja jina la Mungu kwa sauti, nikajiambia kwamba Mungu ni mmoja na Kibena, lugha yangu, anakisikia. Teodora aligeuza uso, na kunyonyoa manyoya hakunisaidia.

Mchana aliingia Awadhi, dereva wa lori la mbao anayepita kati ya Songea na Dar es Salaam. Tangu biashara za watu binafsi ziliporuhusiwa, kila penye kituo pana hoteli mpya, na Awadhi anazijua zote. Madereva humwuliza yeye wale wapi. Siku hiyo alifuatana na mgeni wa njia hii, Abdulaziz wa Tanga.

"Sikiliza, Abdulaziz," alisema akinawa. "Njombe, kula kwa Idda nyuma ya soko. Wali wake usiuguse, unanata kama gundi. Agiza viazi kwa nyama ya kondoo, mwambie pilipili aweke pembeni. Ile hoteli ya kilimani kunywa chai tu, chapati zao unaweza kuzibia pancha. Ukifika hapa, agiza kuku, wala usiulize kachinja nani. Mama Elius ni Mkristo, lakini kwake nakula kama kwa mama yangu."

"Huyu husifia hoteli zote hivi?" Abdulaziz aliniuliza.

"Hii peke yake," alidakia Awadhi. "Kwingine nasifia wahudumu tu."

Walicheka. Niliweka sahani mbele yao. Ningeweza kusema wakati ule, kabla Awadhi hajamega tonge. Alisema "Bismillahi", nami nikakimbilia jikoni kama mtu aliyeacha kitu kinaungua.

Nilijaribu kuomba. Kila nilipoanza "Baba yetu", nilimsikia Awadhi akivunja mfupa.

"Unamwomba Mungu nini?" Teodora alininong'oneza. "Mtu mwenyewe si yuko pale mezani?"

"Nikisema, nimeifunga hoteli. Nani atakula hapa tena?"

"Hilo sijui, dada."

Ndipo Mzee Nasiri akaingia, koti lake limejaa vumbi la safari.

"Shikamoo, Mzee!" Awadhi alimpokea. "Kuku wako wa leo laini. Mungu aubariki mkono wako."

Mzee aliitazama sahani, kisha akanitazama mimi. Akaelewa.

"Marahaba, mwanangu," alisema taratibu. "Tumshukuru Mungu."

Akaketi, akainamisha kichwa. Ametoka kuzika, hata miguu hajanawa, na tayari ameubeba uongo wangu ili nisiaibike. Hilo sikuliweza.

"Mzee, usinibebee," nilisema. "Awadhi, kaka yangu, kuku huyo hakuchinjwa na Mzee. Nimemchinja mimi. Nilijua, na bado nikakuwekea mezani."

Abdulaziz aliinuka akatoka nje, tukamsikia akisukutua mdomo. Awadhi aliisogeza sahani mbali naye.

"Maharage hayakuwapo?"

"Yalikuwapo."

"Ningekula maharage, Mama Elius. Ningekula hata ugali kwa chumvi."

"Najua."

"Mimi nimekula bila kujua, sina dhambi. Lakini nimewaleta watu kwako, barabara nzima. Sasa niwaambie nini?"

Mtu mmoja pale mlangoni alisema tuondokeni. Mzee Nasiri akainua mkono.

"Ngojeni. Mwacheni ajibu mwenyewe."

Nilivua kitambaa cha jikoni, nikasimama kati ya meza zao, mahali ambapo kila mtu aliniona.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," nilisema, "sufuria niliyompikia kuku huyu haitapika tena hapa. Kisu sitakishika mimi. Siku ambayo Mzee Nasiri hayupo, hapa hakuna kuku, na kila anayeingia nitamwambia hapo mlangoni kabla hajavuta kiti. Na wewe Awadhi, wenzako wakikuuliza wale wapi, waambie kwanza nilichokufanyia leo, chote, ndipo uwaambie nilichoahidi."