Alama za Jua Ukutani

"Mama Aminieli, wewe jua la saa sita usiku umeliona wapi?"

Swali hilo Ndelilio, jirani wa Elinipendo, alilitupa mwezi wa sita huku akicheka, kashika simu ya mwenziwe. Ndani ya simu kulikuwa na picha: ziwa, nyumba nyekundu, na jua jeupe juu yake. Aminieli aliituma kutoka Norwe, kule kaskazini kabisa, pamoja na maneno ya kuomba radhi. Siku ya kumkumbuka marehemu baba yake, ukoo mzima ulisubiri apige simu asali pamoja nao. Hakupiga. Akasema, huku usiku hauingii, mama, nimepotea saa, nimelala wakati wa kuamka.

"Huyo kalewa," Ndelilio akamalizia.

Elinipendo hakupenda nyumba ya mjane ichekwe. Akamjibu mwanawe kwa ujumbe wa sauti: "Kama umesahau, sema umesahau. Usimzike baba yako mara ya pili kwa uongo."

Simu ikanyamaza. Kiangazi kikapita, vuli ikanyesha, bado kimya. Kila alipopiga magoti kusali, jina la mwanawe aliliruka.

Mwezi wa kumi na moja, mwalimu Yuditha alikuja kuchukua maziwa. Elinipendo akamuuliza habari za jua lile, juujuu tu, kama anayeulizia bei ya chumvi. Yuditha hakucheka.

"Mama, jua linaloingia dirishani kwako asubuhi, mwaka mzima linapiga palepale ukutani?"

"Hata!" Miaka arobaini anafagia chumba kile. Mwezi wa sita, siku ukungu ukiliachia, linapiga picha ya marehemu Yohana. Mwezi wa kumi na mbili linakuwa limehamia kabatini. Hatua tatu tu.

Yuditha akaushika mlango. "Tazama. Hapa kwenye bawaba mlango ukifunguka, mbao inasogea kiduchu. Hapa kwenye kitasa, mwendo ni uleule, lakini inasogea mpaka ikugonge. Sisi tuko karibu na ikweta, tuko bawabani. Mchana na usiku wetu karibu sawa, miezi tunaijua kwa masika na vuli. Aminieli yuko kitasani. Mwezi wa sita kwake jua halizami. Mwezi ujao halitachomoza."

"Na baridi?"

"Sisi baridi tunaipandia mlimani. Wao inawajia mlangoni."

Elinipendo akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Mkono mmoja unausukuma, na kila ubao unapata kipimo chake! Akamsifu Mungu kwa sauti. Kisha akauachia mlango. Mtoto alisema kweli.

Desemba, watu wa mlimani waliporudi nyumbani kwa sikukuu, Aminieli naye alifika asubuhi moja, koti zito kwapani. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Elinipendo alikuwa amelikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba lao la migomba, jani ambalo Mchagga akikosa hulitoa kuomba msamaha. Akalinyoosha. Ndelilio, aliyekuja na mkungu wa ndizi za mgeni, akashika mdomo.

"Mama kumpa mwanawe isale? Kesho utamwamkia shikamoo!"

"Ikibidi nitamwamkia." Akamgeukia mwanawe. "Nilipima dunia kwa ukuta wa nyumba yangu, baba. Na hata huo ukuta sikuusoma vizuri. Nisamehe."

Isale halikataliwi, lakini mkono unaweza kuchelewa. Aminieli alitazama ukutani. Jua lilikuwa limetulia kabatini, mbali na picha ya baba yake. Akaweka koti chini, akalipokea jani kwa mikono miwili, akatoka, akashika njia ya migombani, kwenda kusali kwenye kaburi la baba yake.