Kibuyu cha Boke

Debora alikuwa na mdomo, hilo Butiama nzima walilijua, na yeye mwenyewe hakulikataa. "Nisiposema mimi, atasema nani?" ndivyo alivyojitetea. Na juma lile alikuwa na la kusema: mke wa mwanawe, Boke, ni mvivu, ana kiburi, basi arudi kwao Bunda akalale vizuri. Mtoto atabaki. Maziwa ya ng'ombe si yapo?

Mambo yaliharibika baada ya uzazi. Boke alijifungua kwa upasuaji, kidonda kikaingia wadudu, akaungua na homa mpaka watu wakaanza kunong'ona. Mungu si Athumani, akapona. Kovu likakauka likawa safi. Lakini aliyerudi nyumbani hakuwa yule Boke wa kucheka mpaka majirani wakauliza kuna nini. Huyu alijikunyata kitandani, uso ukutani. Ugali aliuonja tu. Mtoto akilia alimnyonyesha, kisha akamlaza kando bila neno.

Asubuhi moja Debora alikuta ng'ombe wanalia zizini, hawajakamuliwa, na Boke hajaamka. Damu ikampanda. Katika ukoo ule, mkaza mwana akiingia, mama mkwe humkabidhi kibuyu chake cha maziwa, na kibuyu hicho ndicho kinachomfanya kuwa mtu wa boma. Debora akakitungua kwenye msumari wa Boke ukutani, akaenda kukitundika kwake.

"Haya, lala sasa mpaka uchoke!"

Boke hakujibu, na hilo ndilo lililomkera Debora kuliko yote. Angejibu hata kwa jeuri wangegombana, yakaisha.

Akampigia simu mwanawe Wanzagi, anayebeba mizigo kwenye kivuko cha Kisorya. "Njoo umrudishe mtu wako kwao."

Wanzagi akaja. Kijana mpole, alimpenda mkewe, ila mbele ya mama yake sauti ilikuwa inamkauka. Aliomba jambo moja tu: wapitie Musoma kwanza, kidonda kikaangaliwe, wakwe wasije wakasema wamerudishiwa mgonjwa. Debora akamfunga mjukuu mgongoni, akaandamana nao. Mtoto yule hafiki Bunda, alijiapiza.

Hospitalini daktari, mama mmoja anaitwa Lucy, alilikagua kovu akasema limepona. Halafu akavuta kiti karibu na Boke. "Na wewe mwenyewe unajisikiaje?"

Boke akamgeukia. "Daktari, mimi nilikuwaga mtu," alisema, na machozi yakamtoka.

"Uvivu huo!" Debora akadakia. "Homa iliisha zamani."

Daktari hakukasirika. "Mama, mwili ukipigana na wadudu unatoa kemikali za kupigana nao. Kemikali hizo zinaweza kuuchokoza hata ubongo, ukawa kama umevimba kwa ndani. Kwa watu wengine wadudu wanaisha, lakini uchokozi ule haupoi haraka. Si kila huzuni inatokana na hilo, na uchovu wa kulea nao umo, ila kwa huyu naona ile homa imechangia. Huu ni ugonjwa, unaitwa sonona."

"Ubongo uvimbe! Mbona kichwa ni kilekile?"

"Uvimbe huu hauonekani kwa macho. Utauona kwa mgonjwa mwenyewe. Hana hamu ya kula, hana nguvu, anajitenga na wenzake."

Debora alimkumbuka ng'ombe wake Mweusi, mwaka jana, kiwele kilipovimba kikawa cha moto kama chungu. Kabla hata hajakishika kiwele alishajua kuna ugonjwa, kwa sababu Mweusi alisimama peke yake kando ya ua, hagusi majani. Je, alimtukana mvivu? Thubutu! Alimkatia majani mabichi akampelekea mdomoni, akimwita jina lake polepole. Aibu ikamshika Debora mpaka masikioni.

Daktari akaandika dawa isiyomzuia Boke kunyonyesha, akampangia siku ya kurudi kuzungumza. "Itachukua muda. Akae na mtoto wake. Na msimwache peke yake."

Huko nje Wanzagi alisimama na begi la mkewe mkononi. "Mama, sasa gari la Bunda..."

"Bunda kufanya nini? Kuna msiba?" Debora akamfokea. Akafungua kanga mgongoni, akampakatisha Boke mtoto wake. "Tafuta gari la Butiama, wewe!"

Kesho yake asubuhi Debora alikamua mwenyewe. Akakitoa kibuyu kwenye msumari wake, akakiosha, akakijaza, akaingia nacho kwa Boke.

Boke alikitazama, akatikisa kichwa. "Mama, siwezi kukamua. Mikono haina nguvu."

"Nani kakwambia ukamue? Kibuyu ni chako." Debora akaketi pembeni ya kitanda. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata yeye hakuizoea. "Ulijitenga nikakutukana, mwanangu. Ng'ombe wangu sikumtendea hivyo. Nisamehe."

Boke akapokea kibuyu kwa mikono miwili. Akanywa funda moja, akapumzika, akanywa la pili. Hakuweza zaidi.

Debora, na mdomo wake wote, hakumwambia amalize. Alikitundika kibuyu kwenye msumari wa Boke, akasema kwamba kesho atakuja tena.